TUZUNGUMZE NYUMBANI: Kamioni mbele ya mlango



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya ndoa wala juu ya masomo ya watoto. Tunazungumza juu ya kamioni. Usicheke. Kamioni nayo ni jambo la familia. Mbele ya kila kamioni inayosimama pa kushusha mizigo kuna mlango wa mtu, na nyuma yake anaweza kuwapo mtoto wa mtu.

Sote tunaijua furaha ya siku ile. Mvua imenyesha juma zima, barabara ya kutoka Alunguli imekuwa matope, chumvi imepanda bei, sabuni imekwisha madukani. Halafu asubuhi moja unasikia mashine inaunguruma kule kwenye kilima. Watoto wanapiga kelele: «Inafika! Inafika!» Mama anaacha ungo wake chini, kijana anafunga kiuno, muuza duka anatafuta daftari lake. Kwa dakika 10 kamioni ile ni kama bibi arusi.

Kisha inasimama katikati ya avenyu, mbele ya depo. Mwenye ufunguo hayupo. Kamioni nyingine inatoka upande wa pili na kusimama pua kwa pua na ile ya kwanza. Kinga zilizobeba mabidoni ya mafuta ya ngazi zinapita pembeni ya mtaro. Pikipiki zinapita palipobaki. Watu wanatukanana. Watoto wanatoka masomo. Ndipo furaha inaanza kugeuka.

Miye mwenyewe nilikosa

Sitaki kuandika kama mtu aliye mbali na jambo hili. Niko na duka dogo mbele ya lupango letu. Miaka michache iliyopita kamioni iliniletea mifuko 12 ya chumvi na katoni za sabuni. Shofere, mzee mwenye adabu, aliniambia:

– Mama, pale mbele karibu na mwembe iko nafasi nzuri. Niweke kamioni pale, hawa vijana watabeba mpaka kwako.

Toka mwembe mpaka mlango wangu ni hatua 40 hivi. Nikamjibu:

– Hapana, papa. Simama hapa hapa mlangoni. Sina pesa ya kulipa watu mara mbili.

Akasimama hapa hapa. Nusu ya kamioni ilibaki barabarani, na mbele kidogo kulikuwa na kona. Ilikuwa saa sita ya mchana, saa watoto wanaporudi nyumbani. Mtoto wa jirani, mwenye miaka 8, alitoka nyuma ya kamioni ili avuke. Hakuiona pikipiki iliyokuwa inakuja, wala mwenye pikipiki hakumwona mtoto. Nani angeona kitu nyuma ya ukuta ule wa mbao na turubai?

Mguu ulivunjika chini ya goti. Yule mzee shofere ndiye aliyembeba mtoto mikononi mpaka kwa munganga. Watu wote walimlaumu mwenye pikipiki. Wengine wakamlaumu shofere. Miye sikulaumiwa na mtu. Lakini jioni nilipokwenda kumpa pole baba wa mtoto, aliniambia kwa sauti ya chini, bila hasira:

– Mama, ile kamioni ilikuwa ya chumvi yako.

Neno lile halijanitoka moyoni mpaka leo. Kwa hiyo naandika.

Juu ya nini tunapakia na kushusha barabarani?

Kalima haikujengwa kwa ajili ya biashara ya avenyu. Ilikua pamoja na kazi ya kasiterite, yaani madini ya bati. Kampuni ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932. Mwaka 1976 kampuni za madini za Kivu na Maniema ziliunganishwa, zikawa Sominki. Kampuni kubwa huwa na viwanja vyake, magazini yake na garaji yake, na kamioni hupakiwa ndani ya uzio.

Halafu Oktoba 1985 biashara ya bati ilianguka katika soko la madini la London, na bei ikashuka vibaya. Sominki haikupona. Ilifungwa katika miaka ya 1990, na mwaka 1997 ikazaliwa Sakima. Kazi ya kuchimba iliingia sana mikononi mwa wachimbaji wa mikono, na biashara ikaingia katika depo ndogo ndogo, kila moja na mlango wake juu ya barabara. Mzigo ambao zamani ulipakiwa katika uwanja mmoja, leo unapakiwa mbele ya milango mingi. Watu wameongezeka, pikipiki zimekuja, lakini avenyu hazikupanuka.

Tena mzigo wetu ni wa pande mbili. Vinavyoingia ni chumvi, sabuni, simenti, mafuta ya mashine na nguo. Vinavyotoka ni kasiterite, na mara nyingine mchele na mafuta ya ngazi. Mifuko ya kasiterite inataka muda wake. Tangu miaka ya 2010 mfuko unafungwa lebo kule machimboni, na tena lebo ya pili kwa mnunuzi, ili ijulikane umetoka wapi. Lazima mtu apime, asome namba, aandike. Kazi hiyo ni nzuri, lakini ikifanyiwa nyuma ya kamioni iliyo katikati ya barabara, avenyu nzima inangojea kalamu ya mtu mmoja.

Ndugu zetu wa Kindu nao wana shida yao. Mji umekaa upande wa kushoto wa mto Lualaba, na Alunguli iko upande wa kuume. Daraja hakuna. Mzigo wa Kalima uliotoka Kindu mjini lazima uvuke kwa baki, ile feri ya magari, au kwa mitumbwi. Kwa hiyo mfuko mmoja wa chumvi unaweza kushushwa na kupakiwa mara mbili au tatu kabla ya kufika kwenye sahani yako. Kamioni zinangojea huku na huku, na gari la moshi likifika toka upande wa Kongolo, watu wote wanakimbilia mahali pamoja kwa saa moja.

Ni shida ya zamani

Usifikiri ni sisi tu. Mwaka 45 mbele ya Kristo, sheria ya Julius Caesar ilikataza magari ya magurudumu kutembea ndani ya mji wa Roma toka jua linapochomoza mpaka saa kumi ya mchana. Waliachiliwa wachache, kama wale waliobeba vifaa vya kujenga mahekalu. Mchana njia zikafunguka, lakini usiku magurudumu yakanguruma juu ya mawe, na mshairi Juvenal akalalamika kwamba mtu maskini hapati usingizi Roma.

London ilifanya kinyume. Tangu mwaka 1985 kamioni kubwa zenye uzito wa zaidi ya tani 18 zinazuiwa katika barabara nyingi za mji usiku na mwisho wa juma, ili watu walale. New York nayo ilijaribu mwaka 2009 na 2010 kupeleka mizigo madukani usiku, na kamioni zikatembea upesi kuliko mchana.

Unaona? Kila mji umechagua saa yake, na kila saa ina bei yake. Sisi tufanye nini? Usiku huku kwetu avenyu nyingi hazina taa. Kushusha mifuko gizani ni kutafuta kuvunja mgongo au kuibiwa. Na saa ya kufika hatuichagui sisi, inachaguliwa na matope. Kamioni iliyokwama siku tatu njiani huwezi kuiambia: «Rudi, saa yako imepita.» Kwa hiyo kanuni ya saa peke yake haitatusaidia sana. Itusaidie kwanza kanuni ya mahali, halafu kanuni ya matayarisho.

Sheria nayo inatusaidia kufikiri. Mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya barabara, ambayo nchi yetu iliyakubali mwaka 1977, yanatofautisha mambo mawili: gari lililosimama kwa muda unaohitajika tu kupakia au kushusha, na gari lililoegeshwa. Nchi yetu ina sheria yake ya barabara ya tarehe 30 Agosti 1978. Basi shofere anayeshusha mizigo, amesimama. Shofere aliyekwenda kula mihogo na kuacha kamioni yake pale, huyo ameegesha. Na kamioni inayongojea ufunguo wa depo haipakii wala haishushi kitu.

Tupige hesabu pamoja

Vijana, chukueni kalamu. Kamioni imeleta mifuko 200 ya kilo 50. Hizo ni tani 10. Wachukuzi ni 4. Kama kamioni iko karibu na depo, kila mmoja anakwenda na kurudi kwa dakika 2. Kwa hiyo kila dakika 2 mifuko 4 inaingia. Mifuko 200 itakwisha kwa dakika 100.

Sasa sogeza kamioni mpaka kwenye nafasi nzuri, mbali kidogo, na safari moja iwe dakika 4. Kazi itachukua dakika 200. Mwenye mali atasema: «Unaona? Ndiyo sababu nasimamisha kamioni mlangoni.» Anasema kweli, lakini nusu ya kweli. Akiweka wachukuzi 8, dakika zinarudi 100. Analipa watu zaidi siku ile, ndiyo. Lakini vijana 8 wamepata chakula cha jioni, na barabara imebaki wazi.

Na kama mwenye ufunguo amechelewa saa moja? Zile dakika 60 hazikubeba hata mfuko mmoja. Mara nyingi si kamioni inayofunga barabara yetu, ni ufunguo.

Maneno sita ya kushika

1. Mahali pajulikane mbele ya kamioni kufika. Kila avenyu ina mahali palipo pana, kama uwanja mtupu au pembeni ya mti mkubwa. Si kwenye kona, si juu ya kilima ambapo watu hawaonani, si mbele ya mlango wa masomo wala wa hopitali. Wenye depo, shefu wa avenyu na shefu wa karitie wakae pamoja na kupachagua. Wawaite pia mashofere na kapita wa wachukuzi, kwa maana wao ndio wanaojua kazi. Na pakishachaguliwa, mama asiweke meza yake ya kuuzia pale. Tumtafutie mama nafasi nyingine kwanza, kwa heshima, mbele ya kumwambia aondoke.

2. Mlango uwe wazi. Siku hizi shofere anaweza kupiga simu kabla ya kuingia mjini. Mwenye mali afungue depo, aweke wachukuzi tayari, mizani tayari, daftari tayari. Mifuko inayotoka ipimwe na kuandikwa ndani ya lupango, kamioni ikiwa bado haijaja. Kama depo haijafunguliwa, kamioni ingojee nje ya avenyu.

3. Saa za watoto ziheshimiwe. Hatuwezi kupanga saa zote, lakini tunaweza kuacha saa mbili tu: ile ya asubuhi watoto wanapokwenda masomo, na ile ya mchana wanaporudi. Kamioni iliyokaa siku tatu njiani haitakufa kwa kungoja nusu saa.

4. Kurudi nyuma ni kwa mtu wawili. Shofere peke yake haoni nyuma. Motaboi ashuke, afukuze watoto, asimame mahali ambapo shofere anamwona katika kioo. Asipomwona, asimamishe gari. Jiwe liwekwe chini ya gurudumu, na ishara ya matawi iwekwe mbali mbele na nyuma. Kazi ikiisha, mawe na matawi yaondolewe. Wangapi wameanguka usiku na kinga kwa jiwe lililosahauliwa!

5. Uzito usidanganye macho. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Ikijaa kasiterite nzuri inapita kilo 60. Kwa hiyo kamioni ya kasiterite inaweza kuonekana nusu tupu, kumbe imeshiba. Ukiongeza mchele na watu juu yake, unaua breki na barabara. Mizigo mizito iwe chini, igawanywe kushoto na kuume, isirundikwe nyuma kabisa. Na wakati wa kushusha, usitoe upande mmoja wote na kuacha mwingine umejaa, hasa barabara ikiwa imelala upande.

6. Mgongo wa mchukuzi ni mali. Mwaka 1967 Shirika la Kazi la Kimataifa lilishauri kwamba mwanaume mzima asibebe kwa mikono zaidi ya kilo 55. Tunaona vijana wetu wakibebeshwa mifuko miwili pamoja ili kazi iishe upesi. Mwenye mali, usifanye hivyo. Watu wawili wamwinulie mmoja, njia ya kupita iwe kavu, bila mawe. Na watoto wasibebe mifuko, hata wakiomba wenyewe.

Kwa vijana, na kwa sisi wakubwa

Vijana wapenzi, najua wengi wenu mnangojea kamioni kwa sababu ndiyo inayowapa kitu. Hakuna aibu katika kazi hiyo. Lakini chagueni kapita wenu, andikeni majina, pataneni bei na mwenye mali mbele ya kufungua turubai. Kelele nyingi za barabarani zinatoka pale: watu 20 wanapanda juu ya kamioni pamoja, kila mmoja anavuta mfuko, halafu malipo yanakuwa vita. Kamioni inakaa saa mbili zaidi kwa sababu ya ugomvi wa faranga kidogo.

Nanyi wenye pikipiki, mkiona kamioni inashusha mizigo, hesabuni kwamba mtoto yuko nyuma yake. Pengine hayupo. Lakini pitieni kama kwamba yuko.

Wakubwa nao wasikilize neno moja. Kibao cha «Hapa ni pa kamioni» kiwekwe ili njia ifunguke. Kikiwekwa ili mtu asimame pale na kumwomba kila shofere pesa ya mfukoni, mashofere watakikimbia na kurudi mbele ya milango. Na pesa ile nani atailipa? Mama anayenunua chumvi kwa kikombe. Kanuni ikikubaliwa, iandikwe, isomwe mbele ya watu, na mwenye nguvu aifuate sawasawa na mnyonge. Hata simenti ya kujengea nyumba ya sala ishushwe mahali palipokubaliwa. Sisi si Waroma.

Kwetu tumefanya nini?

Baada ya ile ajali tulikutana, wenye maduka sita wa avenyu yetu. Wanne tulikubali mahali pa mwembe. Wawili walikataa, na mmoja wao anakataa mpaka leo. Anasema barabara si ya mtu. Ni kweli, si ya mtu, wala si yake. Tunaendelea kuzungumza naye, kwa maana ni jirani, na siku ya matanga atakuja kwetu nasi tutakwenda kwake.

Miye nalipa wachukuzi wale wa hatua 40. Kila mara kamioni inapofika nautoa ufunguo na kuuvaa shingoni. Chumvi yangu imeongezeka bei kidogo sana kwa kikombe, na nimewaeleza wateja sababu. Wengine walinung'unika. Mmoja alisema: «Ni vizuri, mama.» Huyo ni mama wa yule mtoto.

Mtoto mwenyewe amepona. Alikosa masomo miezi miwili, akarudi. Anatembea vizuri, ila mvua ikikaribia anasema mguu unamwambia. Juzi nilimwona amesimama pembeni ya avenyu, mkono umemshika mdogo wake, wanangoja kamioni ipite kabisa ndipo wavuke. Nikamwita nikampa kipande cha sabuni apelekee mama yake. Hakujua ni ya nini.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi cha vijana

– Katika avenyu yenu, kamioni zinasimama wapi? Ni nani anayechagua mahali pale: shofere, mwenye mali, au bahati?

– Ukiwa mteja, umekwisha kumwambia shofere asimame mahali pabaya ili upate nafuu? Ilikuwaje?

– Kama kanuni mpya inampunguzia mtu maskini kazi au nafasi ya kuuzia, avenyu nzima inadaiwa kumfanyia nini?

– Nani katika nyumba yenu amekwisha kuwafundisha watoto namna ya kuvuka karibu na kamioni iliyosimama?

Tuandikieni majibu yenu. Mpaka mwezi ujao, wapenzi. Kaeni vizuri, na mwangalie nyuma ya kamioni.